Kitabu Kilichonuka Ukweli

Nchi hii haipo. Na kama ipo, basi iko mbali sana na hapa, na viongozi wake si hawa. Nalisema mapema ili msomaji mwenye wasiwasi avue viatu, akae vizuri.

Watu wa nchi hiyo walipenda kusoma, na hilo ndilo lililowaponza. Wako waliopenda hadithi za majini na visiwa vinavyoelea. Wako waliopenda za mapenzi, mradi kuwe na mama mkwe mbaya. Wako waliopenda za wapelelezi wanaovaa makoti marefu kwenye joto. Na wako wachache, wasomi wa kupindukia, waliopenda riwaya nzito, zile ambazo mtu hukaa juu ya kiti kutwa kucha akijiuliza kama kiti kipo. Kila kundi lililidharau jingine, ila kwa wema tu. Walibishana kwa vinyozi na kwenye misiba wakati wakisubiri chakula, kisha wakaazimana vitabu na kwenda makwao.

Ikawa hivyo mpaka siku Mkuu wa Nchi alipoingia chumbani akamkuta Mama wa Taifa analia kwa kwikwi. Akadhani mkwewe amefariki. Mama wa Taifa akamwambia hapana, ni Zumridi, malkia wa majini, amekatwa bawa. Mkuu wa Nchi, ambaye yeye alikuwa mtu wa wapelelezi, akacheka. Mkewe akamnunia, na Ikulu nzima ikala viporo. Serikali ikaketi, ikatafakari, ikagundua kwamba tofauti za ladha zinahatarisha umoja wa kitaifa. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Ladha Moja.

Ladha iliyochaguliwa ilikuwa Ukweli. Kuanzia siku hiyo kila hadithi ilitakiwa iwe ya kweli. Kifungu cha kwanza kilipiga marufuku majini, mbawa, wanyama wanaosema na wafu wanaofufuka. Kifungu cha mwisho, ambacho wabunge hawakukifikia kwa sababu chai ilikuwa imeletwa, kilisema kwamba kitabu kikishagongwa muhuri wa Idara ya Ladha ni kweli tupu, neno kwa neno, na atakayekikana atafungwa.

Kifungu hicho cha mwisho kilikuwa na mwenyewe. Aliyekiandika ni Profesa Daktari Gaudensi Mkwiza, Msimamizi Mkuu wa Ladha ya Taifa, aliyekuwa ametunga riwaya moja nzito ambayo haikusomwa na mtu, hata na mpigachapa. Humo ndani kijana aitwaye Gaudensi aliwafukuza wakoloni peke yake, kwa hotuba. Muhuri ulipogongwa, ikawa ndivyo ilivyokuwa. Watoto wakafundishwa shuleni, na barabara ya kwenda bandarini ikapewa jina lake.

*

Aliyemkata Zumridi bawa alikuwa mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma ya soko, jina lake Siwema Ngulumbi. Aliandika vitabu vyembamba vya karatasi duni, vikasomwa mpaka vikachanika, na waliovichana wakavishona kwa uzi. Aliishi na mama yake, Bi Msimu, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kufa yote mawili.

Bi Msimu ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza. Alikuwa na kawaida yake: kabla ya kusomewa aliweka udi kwenye chetezo, akajifunika khanga mabegani, akageuza uso upande wa sauti. Kila sura ilipoisha alisema, "Enhe, kisha?" Siwema hakuandika kwa ajili ya sifa wala kwa ajili ya taifa. Aliandika ili asikie maneno hayo mawili, kwa kuwa kipofu haoni ila anachosomewa, na mama yake alikuwa anamwona Zumridi anaruka.

Sheria ilipoanza kazi, Siwema alikuwa amekamilisha kitabu ambacho nchi nzima ilikisubiri, kile ambacho bawa la Zumridi linaota tena. Akaitwa Idarani akiwa na mswada wake kwapani.

Profesa Mkwiza alikuwa amekaa nyuma ya meza pana, tai imemkaba. Kando yake alisimama Naibu wake, Bwana Fikirini Tuwa, ameshika leso ya hariri juu ya sinia.

"Umewahi kuvisoma vitabu vyangu, Profesa?" Siwema aliuliza kwa adabu.

"Binti," alisema Profesa, ingawa Siwema alikuwa ameshaota mvi, "msomi wa kiwango changu hasomi vitu vya namna hii. Akivisoma vinamwingia. Sisi tunatumia njia ya kitaalamu. Tunanusa."

Akauinua mswada, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Wajumbe wote wa Idara wakavuta pamoja naye, kila mmoja kwa nafasi yake.

"Udi," alisema Profesa. "Marashi. Na kwa mbali, kashata. Ndugu wajumbe, hizi ni harufu za ndoto. Ukweli hauna harufu nzuri. Ukweli unanuka jasho, mafuta ya taa, dagaa na simenti. Hizo ndizo harufu zinazojenga nchi." Akafuta pua kwa leso ya hariri.

"Udi ni wa mama yangu," alisema Siwema. "Huufukiza akiwa anasikiliza."

"Kwa hiyo unakiri," alisema Profesa, na Naibu Fikirini akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Usiogope. Hatutakichoma. Sisi si washenzi. Tutakisahihisha."

*

Wakakisahihisha. Bahari iliyopasuka ikawa semina. Nyoka wa vichwa saba akawa upungufu wa mbolea. Zumridi mwenyewe, malkia wa majini, akawa Katibu Msaidizi wa Ushirika wa Korosho, na bawa lililoota tena likawa baiskeli ya mkopo, tena mkopo wenye masharti nafuu. Kitu kimoja tu kiliachwa kama kilivyokuwa, nacho ni jina la Siwema juu ya jalada, pamoja na picha yake anatabasamu.

Watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Waliosoma wakiwa wamesimama walifika kwenye semina kabla hawajafika nyumbani. Jirani yake Siwema, Mama Chausiku, aliyekuwa amemwita binti yake wa mwisho Zumridi, alikirusha kitabu dirishani kwa Siwema kikavunja mtungi wa maji. Wengine walivirundika vyao mlangoni kama takataka. Sokoni muuza nyanya alimwambia Siwema nyanya zimekwisha, na zilikuwa zimejaa mbele yake. Siwema hakuweza kujitetea. Kusema kwamba hakuandika yeye ni kukikana kitabu chenye muhuri.

Mama yake alimwamini. Hilo ndilo lililouma zaidi. Bi Msimu alitaka asomewe kile kilichopigwa chapa, chote, asifichwe kitu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Najua si wewe, mwanangu," alisema. "Lakini ile baiskeli imeshaniingia masikioni na haitoki. Sasa kila nikimfikiria Zumridi namwona anasukuma kwenye kilima, mnyororo umemtoka."

"Nitakusomea ile ya kwanza, mama. Ile yenyewe."

"Umeshanisomea. Bado namwona yuko kwenye baiskeli." Akageukia ukutani. "Niache nipumzike."

Tangu hapo hakuuliza tena kisha ikawaje. Chetezo kikakaa baridi, kuku akataga ndani yake. Siwema alipokitazama kile chetezo, moyo wake ukawa mgumu, ukabaki hivyo. Nisimpambe: hakutaka haki. Haki ina mlolongo, ina tarehe za kutajwa kwa kesi, na mwenye haki huzeeka barazani. Alitaka kulipiza kisasi. Alitaka yule mtu akoseshwe kitu kama mama yake alivyokoseshwa, na yeye awepo aone.

Akaenda akainunua Sheria ya Ladha Moja, akaisoma yote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya nchini humo, wakiwemo walioipitisha. Alipofika kifungu cha mwisho alicheka peke yake, kicheko ambacho Bi Msimu alikisikia kutoka kitandani na hakukipenda.

*

Kitabu alichokiandika kiliitwa *Mwenendo wa Kilimo cha Mihogo Kanda ya Kati*. Alipomaliza, hakukipeleka Idarani mara moja. Kwanza alikitia kwenye gunia la dagaa. Kisha akakipangusa kwa utambi wa jiko la mafuta ya taa, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akampa fundi mwashi aliyekuwa akijenga choo cha jirani, akamwomba akikalie wakati wa kazi, na akimaliza kukikalia akiweke chini ya mfuko wa simenti. Kilipomrudia, paka wa mtaa mzima walimfuata nyuma hadi kituo cha basi.

Profesa Mkwiza alikishika kwa ncha za vidole, akakisogeza puani, akavuta. Machozi yakamlengalenga.

"Ndugu wajumbe," alisema, na sauti ilikuwa imembadilika, "huu ndio uandishi. Nawaona wananchi humu. Nawaona wanatoka jasho."

Kitabu kikazungushwa. Mjumbe mmoja alipiga chafya, ikahesabiwa kuwa kura ya ndiyo. Mwingine aliomba kutoka nje, na alipoulizwa sababu alisema ameguswa. Naibu Fikirini peke yake ndiye aliyefungua katikati, kwa bahati mbaya tu, macho yake yakaangukia sentensi moja. Akaisoma mara mbili. Kisha akafunga kitabu polepole, akamtazama Profesa, akakitazama kiti cha Profesa, akasema anaunga mkono hoja.

"Kwa heshima ya kipekee," alisema Profesa, "kitabu hiki nitakigonga muhuri mwenyewe, kila ukurasa." Akagonga kwa mkono wake mwenyewe, kila ukurasa, ukiwemo ule alimofia. Alipomaliza akamtazama Siwema kwa upendo wa mwalimu. "Binti, umekomaa."

"Nimejifunza kwako, Profesa," alisema Siwema, na hakudanganya.

*

Kilipochapwa, mwanzo hakuna aliyekigusa. Jina la mihogo halikuwavutia, na jina la Siwema liliwachefua. Aliyekifungua wa kwanza alikuwa askari wa lango la Idara, ambaye lindo lilikuwa limemchosha na gazeti alikuwa ameshafungia maandazi. Sura ya kwanza ilieleza mihogo kwa aya moja, tena kwa ufupi. Kwenye aya ya pili Profesa Daktari Gaudensi Mkwiza, kwa jina lake kamili na cheo chake, alisimama kwenye karamu akajisifu huku mdomo umejaa samaki, mwiba ukamkwama kooni, akafa. Hakufa kwa heshima. Aliangukia bakuli la pilipili. Na kwenye sura ya pili, kabla pilipili haijafutwa, Zumridi akarudi, na mbawa zake zote mbili.

Askari akamaliza lindo lake na la mwenzake bila kuinua kichwa. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama Chausiku alifika kwa Siwema na mtungi mpya kichwani, akautua, akaanza kulia.

"Shoga yangu, nisamehe. Nimesikia mbawa zimerudi. Niazime nami nisome."

"Nitakuazima," alisema Siwema. "Ila maliza kwanza kile cha korosho ulichonirushia. Kaa hapo barazani, usome kwa sauti, nikusikie."

Mama Chausiku alisoma semina yote, kwa sauti, watoto wakimcheka. Alipofika kwenye masharti ya mkopo aliomba maji, akapewa kutoka kwenye mtungi wake mwenyewe.

Ikulu nako kitabu kilifika. Mama wa Taifa alilia kwa furaha kwa sababu ya mbawa. Mkuu wa Nchi, akipita nyuma yake, aliona kwamba kwenye sura ya tatu kuna jini mpelelezi anayevaa koti refu, akaomba aonyeshwe kidogo tu. Wakakisoma pamoja kitanda kimoja. Amani iliporudi nyumbani, Mkuu wa Nchi hakuona sababu ya kuivuruga. Akatangaza maombolezo ya kitaifa ya Profesa Mkwiza.

*

Profesa mwenyewe hakuwa na habari, kwani alikuwa mapumzikoni ufukweni akitunga riwaya ya pili. Aliporudi kazini, askari wa lango alivua kofia.

"Poleni na msiba, mzee."

"Msiba gani? Fungua geti."

"Wa bosi wetu, Profesa Mkwiza. Mimi nilimpenda, Mungu anisamehe, ingawa alikuwa mtu mgumu. Hukumjua?"

"Mimi ndiye Mkwiza."

Askari akamtazama kwa huruma. "Mzee, usirudie kusema hivyo hapa. Watakufunga."

Ndani, Naibu Fikirini alikuwa tayari amekalia kile kiti, tai imemkaba. Alimkaribisha marehemu kwa heshima zote, akamwekea chai, kisha akaikumbuka hali halisi, akainywa mwenyewe.

"Fikirini, unaniona. Nimesimama mbele yako."

"Nikisema nakuona, Mheshimiwa, nitakuwa nimekikana kitabu chenye muhuri. Na muhuri ni wako, kila ukurasa. Kazi safi kabisa, hata wino haukufifia. Mimi ni nani nikupinge?"

Nyumbani mkewe alikuwa amevaa nyeusi na sebule imejaa majirani. Alipomwona mlangoni alishtuka kidogo tu, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Deo, ulipokuwa hai hukuwa unarudi mapema hivi. Usianze leo kunitisha. Nenda salama." Majirani wakainamisha vichwa. Mmoja akasema marehemu alikuwa na mke mvumilivu sana.

Alihudhuria mazishi yake mwenyewe akiwa amesimama nyuma, karibu na wauza maji. Jeneza lilikuwa zito ajabu kwa sababu Idara, kwa kukosa mwili, ililijaza nakala za riwaya yake zilizokuwa ghalani, na ghala likapata nafasi. Aliomba kusema neno. Mshereheshaji akaangalia ratiba, akamjibu kwamba wamepangiwa kuzungumza Serikali, dini na familia, marehemu hana nafasi. Mkuu wa Nchi akahutubia kwa uchungu, akaeleza jinsi marehemu alivyowafukuza wakoloni peke yake, na kwamba taifa limepoteza pua isiyo na mfano. Katika umati ule Siwema alisimama na mwavuli wake. Hakulia wala hakujifanya analia. Alitazama udongo unavyomwagwa, na alifurahi, nisimpunguzie, alifurahi sana.

*

Ilibaki njia moja tu, na Naibu Fikirini ndiye aliyemweleza marehemu, kwa wema wa mtu aliyejua kwamba hatapoteza kitu. Ni mwandishi peke yake anayeweza kuendeleza kitabu chake. Akiandika kwamba Mkwiza yu hai, na kikagongwa muhuri, basi atakuwa hai.

Profesa akashika njia hadi mtaa wa nyuma ya soko, suti imepauka kwa vumbi, akabisha hodi. Siwema akafungua, akasimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Mama," alisema Profesa. Lile neno binti lilikuwa limempotea njiani. "Nimekuja kuomba. Nifufue."

"Wafu hawafufuki, Profesa. Kifungu cha kwanza."

"Basi andika kwamba nilizimia."

"Umezikwa. Taifa zima lilikuwepo, hata wewe nilikuona."

"Andika kwamba aliyezikwa ni mwingine."

"Unataka niseme uongo ndani ya kitabu?" aliuliza Siwema. "Mimi siwezi tena. Mlinisahihisha."

"Nitamrudishia yule jini wako mbawa zake. Nitafuta baiskeli. Naapa."

"Mbawa anazo. Sura ya pili. Hukuisoma?"

Profesa akaketi barazani. Siwema akaingia ndani, akarudi na nakala yake, akamtupia mapajani. "Soma. Ukimaliza tutazungumza."

Akasoma. Mwanzo aliinua kitabu puani kwa mazoea, akaona aibu, akakishusha. Alisoma kifo chake kwa uso uliokunjamana. Kisha akafika sura ya pili. Jua likahama barazani, naye akahama nalo bila kuinua macho. Kuku walimpita, Mama Chausiku akamwagia maji ya kufulia karibu na viatu vyake, hakujua. Mahali pamoja alicheka. Mahali pengine aliweka mkono mdomoni. Mtu yule aliyenusa vitabu vya nchi nzima alikuwa anasoma hadithi ya majini kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ilikuwa imemwingia, kama alivyokuwa akihofia sikuzote.

Alipogeuza ukurasa wa mwisho aliugeuza tena, akitafuta mwingine.

"Yule nyoka wa vichwa saba," alisema. "Amemzingira Zumridi kisiwani. Anamshinda?"

"Hayo yamo kwenye kitabu kinachofuata."

"Kimekwisha?"

"Kilikwisha jana. Leo naanza kumsomea mama."

"Nitakipataje?"

"Hutakipata. Marehemu hauziwi kitabu, na anayemwazima anakubali kwamba yupo." Siwema alimtazama machoni. "Hilo nililifikiria mapema kuliko yote, Profesa. Kufa kwako kulikuwa njia tu ya kufikia hapa."

Profesa akainama. Aliposema tena, hakuomba cheo, wala jina, wala mke. "Basi niache nikae hapa nje nisikilize. Sitasema neno."

Siwema alifunga mlango. Kisha akaenda akafunga na dirisha.

Chumbani Bi Msimu alikuwa ameketi kitandani na khanga mabegani. Mama Chausiku alikuwa amemhamisha kuku, na chetezo kilikuwa kinafuka moshi. Tangu aliposomewa ile sura ya pili, baiskeli ilikuwa imemtoka kichwani, na usiku alimwota Zumridi yuko juu sana.

"Nani huyo mlangoni?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Nimesikia sauti."

"Hakuna mtu," alisema Siwema, na kwa sheria za nchi ile alikuwa anasema kweli tupu.

Akakaa, akafungua mswada, akasoma. Nyoka aliinua kichwa cha kwanza, kisha cha pili, na mbawa za Zumridi zikafunika mwezi. Hapo Siwema akanyamaza kidogo ili apate pumzi.

"Enhe," alisema Bi Msimu, uso umegeukia sauti, "kisha?"

Na nje, chini ya dirisha, mtu ambaye hakuwepo akauliza vilevile.

Siwema akashusha sauti, ya kumtosha mama yake tu, akaendelea kusoma.